Ahadi ni Deni: Maoni ya Wasomaji kuhusu *Dark of Night* ya Suzanne Brockmann na Mvutano kati ya Taharuki na Mapenzi

Ikisiri

Maoni ya wasomaji wa kawaida hayapewi uzito mkubwa katika uhakiki wa riwaya pendwa. Mara nyingi huchukuliwa kuwa ni mapenzi au chuki tu kwa wahusika. Makala hii inachunguza maoni yaliyogawanyika kuhusu *Dark of Night* (2009), riwaya ya mapenzi yenye taharuki ya kijeshi iliyoandikwa na Suzanne Brockmann wa Marekani. Kwa kuongozwa na nadharia ya upokezi, makala inaonesha kwamba mgawanyiko huo hautokani na hisia peke yake. Unatokana na kuwapo kwa kaida mbili ndani ya utanzu mmoja: kaida ya taharuki, inayothamini mgeuko usiotazamiwa, na kaida ya mapenzi, inayothamini kutimizwa kwa kile kilichotazamiwa. Makala inahitimisha kwamba malalamiko ya wasomaji ni uhakiki halali wa msuko, ingawa yana mipaka yake yanapofika kwenye taswira ya adui.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya mapenzi yenye taharuki ya kijeshi ni utanzu mdogo uliopata nguvu nchini Marekani katika miaka ya 1990 na 2000. Mhusika mkuu wa kiume kwa kawaida ni askari wa kikosi maalumu, mara nyingi komando wa SEAL wa Jeshi la Wanamaji. Mhusika mkuu wa kike huwa daktari, mfasiri au mpelelezi, na hatari inayowakabili wawili hao ndiyo inayowakutanisha. Suzanne Brockmann ni miongoni mwa waandishi waliouimarisha utanzu huu. Mfululizo wake wa kwanza kuhusu makomando ulianza mwaka 1996 kwa *Prince Joe*, na mfululizo wa Troubleshooters, ambao ndio unaohusika hapa, ulianza mwaka 2000 kwa *The Unsung Hero*. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya heshima ya mafanikio ya maisha na Chama cha Waandishi wa Riwaya za Mapenzi cha Marekani.

Katika mfululizo huo, hakuna riwaya iliyozua ubishi mkali miongoni mwa wasomaji kama *Dark of Night*. Kwa miaka mitano wasomaji wengi walikuwa wamesubiri kuona Lawrence Decker na Sophia Ghaffari wakiwa wapenzi. Riwaya ilipotoka, Decker aliangukia kwa Tracy Shapiro, karani wa mapokezi wa kampuni yao, naye Sophia akawa na Dave Malkoff. Baadhi ya wasomaji walihisi wamesalitiwa. Wengine waliona kwamba mwandishi amefanya jambo la busara na la ujasiri.

Ubishi wa namna hii ni rahisi kuupuuza. Mhakiki anaweza kusema kwamba msomaji aliyemtakia mhusika mchumba fulani hana hoja ya kifasihi, bali ana matamanio. Makala hii inapinga mtazamo huo. Inadai kwamba nyuma ya malalamiko hayo kuna swali la msingi kuhusu utanzu: je, mwandishi anayeandika ndani ya tanzu mbili kwa wakati mmoja anawiwa nini na msomaji wake?

2.0 Taharuki na Mapenzi: Matarajio ya Aina Mbili

Nadharia ya upokezi, hasa katika kazi za Hans Robert Jauss, inaeleza kwamba msomaji haanzi kusoma akiwa mtupu. Anakuja na upeo wa matarajio uliojengwa na tanzu anazozijua na kazi alizokwisha kuzisoma. Kazi mpya huthibitisha, hupanua au huvunja upeo huo. Kwa Jauss, kazi inayovunja matarajio huelekea kuwa na thamani kubwa zaidi ya kisanaa kuliko ile inayoyatimiza tu. Kipimo hicho kinafaa kwa fasihi nyingi, lakini kinaleta shida katika riwaya ya mapenzi, ambayo imejengwa juu ya utimizaji.

Janice Radway (1984), katika utafiti wake kuhusu wanawake wasomaji wa mji mmoja wa Marekani alioupa jina la Smithton, alionesha kwamba wasomaji hao walikuwa na vigezo vyao vya kutofautisha riwaya nzuri ya mapenzi na ile iliyoshindwa. Pamela Regis (2003) naye anataja vipengele vinane vinavyoijenga riwaya hiyo, vikiwamo kukutana kwa wapenzi, kivutio, kikwazo, na uchumba unaofunga safari yao. Katika muundo huo kikwazo si pambo. Kinawekwa ili kivukwe, na msomaji anajua hivyo tangu mwanzo. Raha yake haitokani na kujua *kama* wapenzi watapatana, bali *namna* watakavyopatana.

Taharuki hufanya kazi kwa namna tofauti. Msomaji wa riwaya ya upelelezi au ya kijeshi anataka kufichwa jambo. Anataka kumshuku asiye na hatia na kumwamini msaliti, kisha mambo yageuke. Mwandishi anayetabirika katika taharuki ameshindwa, ilhali mwandishi asiyetabirika kabisa katika mapenzi naye anaweza kuwa ameshindwa.

*The Unsung Hero* inaonesha jinsi kaida hizi mbili zinavyoweza kupatanishwa. Tom Paoletti, kamanda wa makomando anayepona jeraha la kichwa katika mji wa kwao, anaamini kwamba amemwona gaidi anayedhaniwa kuwa amekufa. Kwa sababu ya jeraha hilo, ushahidi wa macho yake unatiliwa shaka. Swali la taharuki ni iwapo gaidi yupo. Swali la mapenzi ni iwapo Kelly Ashton, daktari aliyemjua tangu ujanani, anaweza kumwamini. Jibu la swali moja linalisukuma jingine. Mgeuko wa taharuki hauvunji mapenzi, bali unayapa uzito. Huu ndio mfano uliomfundisha msomaji wa Brockmann namna ya kusoma vitabu vilivyofuata.

3.0 Msomaji Aliyefundishwa Kusubiri

Somo la pili lilikuwa la subira. Sam Starrett, komando kutoka Texas, na Alyssa Locke, mdunguaji wa zamani wa Jeshi la Wanamaji aliyehamia FBI, walianza kuvutana katika riwaya za mwanzo za mfululizo huu. Mapenzi yao yalikatizwa pale Sam alipolazimika kumwoa Mary Lou aliyekuwa na mimba yake. Wasomaji walibaki na wapenzi waliotengana kitabu baada ya kitabu, huku wahusika wengine wakipewa hadithi zao. Hatimaye katika *Gone Too Far* (2003), Mary Lou, ambaye ndoa yake na Sam ilikuwa imevunjika, anatoweka pamoja na binti yao mdogo, na msako huo ndio unaowarudisha Sam na Alyssa pamoja.

Kwa mtazamo wa upokezi, Sam na Alyssa waliweka kanuni ambayo haikuandikwa popote. Iwapo mwandishi amewaonesha wawili wakivutana, kisha akaweka kikwazo kizito kati yao, kuchelewa si kukataa. Kadiri kikwazo kilivyo kizito ndivyo malipo yatakavyokuwa makubwa. Wolfgang Iser anasema kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza. Katika mfululizo unaotolewa kwa miaka mingi, pengo kubwa kuliko yote ni muda kati ya kitabu na kitabu, na msomaji hulijaza kwa kanuni aliyofundishwa na kitabu kilichotangulia. Ahadi ni deni, na *Gone Too Far* ilimwonesha msomaji kwamba mwandishi huyu hulipa.

4.0 Deni la *Flashpoint*

Decker na Sophia walikutana katika *Flashpoint* (2004). Kikundi cha Troubleshooters, kampuni ya ulinzi iliyoanzishwa na Tom Paoletti baada ya kuacha jeshi, kinaingia Kazbekistan, nchi ya kubuni, katika siku za msiba wa tetemeko la ardhi. Sophia amemtoroka Padsha Bashir, mbabe wa kivita aliyemuua mume wake na kumfanya mtumwa katika kasri lake. Anapokutana na Decker hajui kama ni mwokozi au ni mtu wa Bashir. Anautumia mwili wake kama silaha ya mwisho aliyobaki nayo, naye Decker hazuii tendo hilo kama alivyopaswa. Tangu hapo Decker, mtu ambaye sifa yake kuu ni kujitawala, anabeba hatia, na kwa sababu ya hatia hiyo anamkwepa Sophia katika vitabu vinavyofuata.

Tukio hili linasomeka kwa njia mbili, na njia zote mbili zina ushahidi katika matini.

Kwa kaida ya mapenzi, tukio ni kikwazo. Lina kila kinachohitajika: kivutio, aibu, siri, na watu wawili ambao kila mmoja anaamini kuwa amemkosea mwenzake. Riwaya ya kijeshi ina mazoea ya kuligeuza jeraha kuwa kiungo. Askari na aliyeokolewa huponyana. Msomaji aliyemwona Sam akimrudia Alyssa ana kila sababu ya kudhani kwamba hatia ya Decker imewekwa ili siku moja isamehewe na Sophia.

Kwa kaida ya taharuki, hasa ile inayofuata uhalisia wa nafsi, tukio ni jeraha tu. Mwanamke aliyedhulumiwa amelazimika kujilinda kwa njia ileile iliyotumiwa kumdhulumu. Mtu aliyekuwapo katika tendo hilo, hata awe mwema kiasi gani, atakuwa daima ukumbusho wake. Kwa usomaji huu, kujitenga kwa Decker si ucheleweshaji bali ni hukumu, na Dave Malkoff, anayempenda Sophia kimya kimya bila kumdai chochote, ndiye anayemfaa.

5.0 Hoja za Pande Mbili

Maoni ya wasomaji kuhusu *Dark of Night* yanaweza kupangwa katika makundi matatu ya hoja.

Hoja ya kwanza ni ya *ahadi*. Wasomaji wa upande huu wanadai kwamba vitabu vilivyotangulia vilijenga mvuto kati ya Decker na Sophia kwa makusudi, na kwamba kuugeuza mwishoni ni kumfanyia msomaji hila. Lalamiko hapa halihusu ubaya wa mgeuko wenyewe, bali mahali ulipofanyika. Mwandishi ametumia mbinu ya taharuki, yaani kumpoteza msomaji njia kwa dalili za uongo, ndani ya msuko wa mapenzi ambamo dalili zinachukuliwa kuwa ni ahadi.

Hoja ya pili ni ya *ukweli wa nafsi*. Watetezi wa riwaya wanasema kwamba mapenzi yaliyoanza kwa hatia na hofu yasingekuwa salama, na kwamba Brockmann alikuwa mwaminifu kwa Sophia kuliko kwa matamanio ya wasomaji. Wanakumbusha kwamba uaminifu wa Dave ulioneshwa hatua kwa hatua. Kwao dalili zilikuwapo. Wasomaji wengine walizipita kwa sababu walikwisha kuamua hadithi inakwenda wapi.

Hoja ya tatu, ambayo hutolewa hata na baadhi ya wasioumizwa na mgeuko, ni ya *uwiano*. Tracy Shapiro aliingia katika mfululizo mwaka 2006, katika *Into the Storm*, akiwa mhusika wa pembeni. Decker alikuwa amejengwa tangu *Flashpoint* kama mtu mzito anayebeba siri. Kumhamishia Tracy upendo wake ndani ya kitabu kimoja, kitabu ambacho pia kinabeba njama dhidi ya mwenzake Jimmy Nash na uhusiano wa Dave na Sophia, ni kumtaka msomaji alipe kwa haraka imani ambayo haikuwekwa akiba.

Hoja hizi zikipimwa kwa matini, hazina uzito sawa. Hoja ya ahadi ina nguvu kuhusu namna msomaji alivyofundishwa kusoma, lakini haithibitishi kwamba Sophia alipaswa kuwa na Decker, kwa kuwa *Flashpoint* yenyewe inaacha mlango wa usomaji wa pili wazi. Hoja ya ukweli wa nafsi inamtetea Dave vizuri, lakini haimtetei Tracy. Hoja ya uwiano ndiyo inayogusa udhaifu halisi wa riwaya. Deni halikuwa kumpa Decker mwanamke fulani. Deni lilikuwa kuipa hatia yake mwisho unaolingana na urefu wa njia iliyopitia, yaani kumkutanisha Decker na jeraha lake kwa muda wa kutosha kabla ya kumpa furaha. Wasomaji wengi waliolalamika walitaja jina la Sophia, ilhali kilichowakosesha raha kilikuwa ni kasi ya msuko. Kazi ya mhakiki ni kulisikia lalamiko la pili ndani ya lile la kwanza.

6.0 Kilichobaki Nje ya Ubishi

Kuyapa maoni ya wasomaji uzito hakuna maana ya kuyakubali yote, wala ya kudhani kwamba yameona kila kitu. Kaida inayomwezesha msomaji kuuliza maswali fulani ndiyo pia inayomfanya asiulize mengine.

Kazbekistan ni nchi isiyokuwapo katika ramani, lakini haikubuniwa kutoka hewani. Majina ya watu wake, mbabe wa kivita mwenye kasri, mwanamke aliyefungwa humo, na ugaidi unaosakwa na Wamarekani ni vipande vya taswira ya Mashariki ambayo Edward Said (1978) aliichambua kwa kina. Hsu-Ming Teo (2012) naye ameifuatilia taswira hiyo ndani ya riwaya za mapenzi zenyewe. Katika ubishi kuhusu Decker na Sophia, kasri la Bashir linajitokeza kama chanzo cha kikwazo: swali ni lilimfanyia nini Sophia, na tendo la baadaye lilimfanyia nini Decker. Wakazbekistani waliofukiwa na tetemeko, pamoja na raia wanaoishi chini ya Bashir baada ya Wamarekani kuondoka, hawana nafasi katika hesabu ya ahadi. Hakuna aliyewaahidi chochote.

Jambo hili si kosa la msomaji mmoja mmoja. Ni matokeo ya muundo. Utanzu unaoweka upendo wa wawili kuwa kipimo cha haki unaifanya vita iwe mandhari, na adui awe kazi ya kumalizwa ili wapenzi wapumue. Msomaji anapodai deni la mapenzi lilipwe, anadai kwa haki ndani ya mkataba huo. Mhakiki anao wajibu wa kuuliza ni nani hawakuitwa mkataba ulipokuwa ukiandikwa.

7.0 Mwangwi kwa Uhakiki wa Riwaya Pendwa ya Kiswahili

Ubishi huu una funzo kwa uhakiki wa Kiswahili, si kwa sababu utanzu ni uleule, bali kwa sababu tofauti zake zinafundisha. Riwaya pendwa ya Kiswahili ina historia ndefu ya taharuki, tangu *Simu ya Kifo* (1965) ya Faraji Katalambulla hadi riwaya za Elvis Musiba zilizoanza na *Kufa na Kupona* (1974). Katika riwaya za Musiba, mpelelezi Willy Gamba anazungukwa na wanawake warembo, lakini mapenzi si nguzo ya msuko. Ni kiungo cha kuukoleza. Msomaji wake hadai ndoa mwishoni. Anadai adui ashindwe. Na adui huyo, katika riwaya zinazohusu ukombozi wa kusini mwa Afrika, alikuwa na jina na anwani katika historia ambayo msomaji aliiishi. Mahali ambapo Brockmann anabuni nchi ili kuwa na adui, Musiba alimchukua adui kutoka habari za siku zake.

Hata hivyo, uhakiki mwingi wa riwaya pendwa ya Kiswahili umeshughulikia dhamira, maadili na nafasi ya utanzu huo mbele ya fasihi inayoitwa ya dhati. Msomaji amezungumziwa zaidi kuliko alivyosikilizwa. Inajulikana kwamba riwaya hizo zilipitishwa mkono kwa mkono hadi zikachanika, na kwamba hadithi za mfululizo katika magazeti, kama zile za Eric Shigongo, ziliwafanya wasomaji wasubiri toleo linalofuata. Wasomaji hao nao walijaza mapengo, walidai madeni, na bila shaka walikasirika. Hasira yao ni data ya kifasihi. Kueleza ni kaida gani waliiona imevunjwa ni kueleza utanzu wenyewe kwa undani ambao orodha ya dhamira haiwezi kuufikia.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mgawanyiko wa maoni kuhusu *Dark of Night* unatokana na riwaya kutumia mgeuko wa taharuki katika msuko ambao wasomaji walikuwa wamefundishwa kuusoma kwa kaida ya mapenzi. Waliolalamika na waliotetea wote walikuwa na msingi katika matini. Walitofautiana kuhusu kaida ipi ina mamlaka. Udhaifu mkubwa wa riwaya haumo katika kumnyima Decker mapenzi ya Sophia, bali katika kuifupisha safari ya hatia iliyoanzishwa mwaka 2004. Aidha, imeonekana kwamba ubishi wa wasomaji, pamoja na makali yake, uliishia kwenye mipaka ya wapenzi na kuwaacha nje watu wa nchi ya kubuni ambamo deni hilo lilizaliwa.

Kwa hiyo, maoni ya wasomaji yasichukuliwe kuwa ni kelele za pembeni, wala yasifanywe kuwa hukumu ya mwisho. Msomaji wa riwaya pendwa ni mdai anayeijua hesabu yake vizuri. Mhakiki anapaswa kuikagua hesabu hiyo pamoja naye, kisha aulize ni madeni ya nani ambayo hayakuandikwa kabisa katika daftari.